Springi ya bunduki ya upepo

Springi ya bunduki ya upepo ni waya ya feleji iliyozungushwa mara nyingi, inayokaa ndani ya silinda ya bunduki ya upepo na kusukuma pistoni. Mpigaji anapokoki bunduki, springi hubanwa na kuhifadhi nishati. Anapovuta triga, springi hufunguka ghafla, pistoni hukimbia mbele, na hewa iliyobanwa mbele ya pistoni huisukuma risasi nje ya mtutu. Bunduki ya namna hii haitumii baruti.

Springi huchoka, hupinda au hukatika kwa matumizi, na ndiyo sehemu inayobadilishwa mara nyingi zaidi pamoja na sili ya pistoni. Kuchagua springi mpya ni kazi ya vipimo kuliko nguvu. Springi isiyofaa hupunguza shabaha, huharibu pistoni, na inaweza kumjeruhi anayeifunga. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa kuangalia hasa mazingira ya wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, ambako mwinuko wa nchi, mvua za misimu miwili na ukaribu wa mpaka vyote vina athari zake.

## Historia kwa ufupi

Bunduki za upepo ni za zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya Girardoni mnamo mwaka 1780, lakini hiyo ilikuwa na chupa ya hewa iliyojazwa kwa pampu, si springi. Aina ya springi ilienea baadaye. Nchini Ujerumani, kiwanda kilichojulikana kwa jina la Diana kilianzishwa Rastatt mwaka 1890. Nchini Uingereza, kampuni ya BSA ya Birmingham ilianza kutengeneza bunduki za mpango wa Lincoln Jeffries mwaka 1905. Kiwanda cha Weihrauch, kilichoanzishwa mwaka 1899, kilihamia Mellrichstadt baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwa mtengenezaji mwingine mkubwa.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Theoben ya Uingereza ilileta bunduki ambazo badala ya springi ya feleji zina gesi iliyofungwa ndani ya silinda ndogo. Hizo hazihusiki na maelezo ya vipimo yaliyopo hapa chini.

Vipenyo vya mtutu vinavyotumika zaidi ni viwili: milimita 4.5 na milimita 5.5.

## Jinsi inavyofanya kazi

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni inayofundishwa hadi leo katika shule za sekondari: kani ya springi huongezeka kwa uwiano na kiasi inachobanwa. Springi inayohitaji newtoni 5.5 kubanwa milimita moja itahitaji newtoni 55 kubanwa milimita kumi.

Ugumu huo hutegemea mambo manne:

* unene wa waya;
* kipenyo cha wastani cha mzunguko, yaani kutoka katikati ya waya upande mmoja hadi katikati ya waya upande wa pili;
* idadi ya mizunguko inayofanya kazi, bila kuhesabu ile ya mwisho iliyolala bapa;
* aina ya chuma.

Unene wa waya ndio wenye athari kubwa kuliko yote, kwa sababu huingia katika hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara nne. Kipenyo cha mzunguko huingia kinyume chake, kikiwa kimezidishwa mara tatu. Idadi ya mizunguko huingia kinyume pia, lakini mara moja tu.

### Mfano wa hesabu

Tuchukue springi ya waya ya milimita 3, yenye kipenyo cha wastani cha milimita 17 na mizunguko 30 inayofanya kazi. Kwa feleji ya kawaida ya springi, ugumu wake ni takriban newtoni 5.5 kwa milimita.

Springi haiingii kwenye bunduki ikiwa imelegea. Hubanwa kidogo wakati wa kufungwa. Huo huitwa mbano wa awali. Ukiwa milimita 50, springi inakaa ndani ikiwa tayari inasukuma kwa newtoni 275. Pistoni ikirudi nyuma milimita 80 wakati wa kukoki, jumla ya mbano inakuwa milimita 130 na kani inafika newtoni 715. Nishati inayotolewa springi inapofunguka ni wastani wa kani hizo mbili (newtoni 495) ukizidishwa kwa mita 0.08, yaani karibu juli 40.

Risasi haipati juli zote 40. Sehemu kubwa hupotea katika joto la hewa, msuguano na mtikisiko. Bunduki nzuri hufikisha theluthi moja au zaidi kidogo ya nishati hiyo kwenye risasi. Kwa mfano huu ni juli 13 hadi 15. Kwa kulinganisha, sheria ya Uingereza inaweka mpaka wa takriban juli 16 kwa bunduki za upepo zisizohitaji cheti, na Ujerumani juli 7.5.

Sasa waya ikibadilishwa kutoka milimita 3 kwenda 3.2, huku mengine yote yakibaki vilevile, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 29. Tofauti ya milimita 0.2 haionekani kwa jicho. Ndiyo sababu springi haichaguliwi kwa kuitazama wala kwa kuipima kwa rula ya shule.

## Dalili za springi iliyochoka

* Springi ikitolewa na kuviringishwa juu ya kioo au meza tambarare huyumba, maana yake imepinda.
* Urefu wake ukiwa haijabanwa umepungua sana kuliko ilivyokuwa mpya. Kupungua kidogo baada ya kubanwa mara chache za mwanzo ni kawaida.
* Bunduki hutoa mlio wa kutetemeka baada ya risasi kutoka. Mara nyingi mlio huo hutokana na springi kucheza juu ya fimbo inayoiongoza.
* Kukoki kumekuwa kwepesi ghafla, au kunakwaruza. Huenda springi imekatika. Vipande viwili vikisokotana, bunduki huendelea kupiga lakini kwa unyonge.
* Risasi hushuka kuliko zamani kwa umbali uleule.

Dalili hii ya mwisho peke yake haitoshi. Sili ya pistoni iliyochakaa na sili ya mtutu inayovujisha hewa huleta matokeo hayohayo. Fundi mwangalifu hukagua sili kabla ya kununua springi, kwa kuwa sili ni rahisi zaidi na kosa lake hufanana.

## Kuchagua springi mpya

Njia iliyo salama ni kuagiza springi iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya bunduki, kwa kutaja jina la mtengenezaji, namba ya aina na kipenyo cha mtutu. Bunduki nyingi za zamani zimefutika maandishi, au mtengenezaji ameacha kuzitengeneza. Hapo springi huchaguliwa kwa vipimo. Kwa mtu wa Ngara au Biharamulo anayeagiza kutoka mbali, vipimo vilivyoandikwa vizuri ndivyo vinavyookoa nauli na fedha.

Vipimo vinavyohitajika, kwa kalipa yenye usahihi wa angalau milimita 0.1, ni hivi:

1. Unene wa waya. Hupimwa mahali pasipo kutu, mara tatu, kwenye sehemu tofauti.
2. Kipenyo cha nje. Springi lazima iingie ndani ya pistoni bila kukwaruza. Springi ikibanwa hupanuka kidogo, kwa hiyo huachiwa nafasi ya sehemu ya milimita kila upande.
3. Kipenyo cha ndani. Fimbo ya kuongoza springi inatakiwa ikae karibu na springi bila kubana. Nafasi ikiwa kubwa, springi hupinda na kutetemeka.
4. Idadi ya mizunguko, ikihesabiwa yote.
5. Urefu huru, yaani urefu wa springi isiyobanwa. Kwa springi iliyokwisha kupinda kipimo hiki hakiaminiki.
6. Nafasi iliyopo ndani ya bunduki ikiwa imekokiwa. Hiki ndicho kinachosahaulika mara nyingi.

### Springi kujaa

Mizunguko yote ikigusana, springi haiwezi kubanwa zaidi. Urefu huo hupatikana kwa kuzidisha unene wa waya kwa idadi ya mizunguko yote. Springi ya waya ya milimita 3 yenye mizunguko 32 kwa jumla hujaa ikiwa na urefu wa milimita 96. Kama nafasi iliyopo bunduki ikikokiwa ni milimita 110, inatosha. Springi ya waya ya milimita 3.2 yenye mizunguko 36 hujaa kwenye milimita 115.2, hiyo haitaruhusu pistoni ifike kwenye ndoano ya triga. Mpigaji asiyejua huongeza nguvu kwenye mtutu, na kinachofuata ni kupinda kwa mkono wa kukokia au kuharibika kwa ndoano. Ndoano iliyoharibika inaweza kuachia yenyewe.

### Kukata springi ndefu

Wengine hununua springi ndefu na kuikata. Inawezekana, lakini kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi kwa kila milimita: kutoka mizunguko 30 hadi 27 ugumu hupanda kwa asilimia 11, ingawa mbano wa awali hupungua kwa kuwa springi imekuwa fupi. Pili, ncha iliyokatwa lazima ilazwe bapa na kusuguliwa, la sivyo springi husukuma upande mmoja na kupindisha pistoni. Kulaza ncha huhitaji moto, na moto ukizidi mzunguko mmoja wa mwisho huilainisha waya na kuiharibu.

## Mwinuko wa nchi

Sehemu kubwa ya Ngara na Biharamulo iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Viktoria lenyewe liko kwenye mita 1,134. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani.

Jambo hili lina maana kubwa kwa bunduki ya springi. Pistoni haisimamishwi na chuma. Inatakiwa isimamishwe na hewa. Inapokaribia mwisho wa silinda, hewa iliyobanwa mbele yake huwa kama mto unaoipokea. Hewa ikiwa pungufu, mto huo ni mwembamba, pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa nguvu zaidi, na risasi hutoka polepole kidogo kuliko ingetoka pwani.

Mmiliki aliyesoma katika kijitabu kwamba bunduki yake hufikia kasi fulani, kisha akapata kasi ndogo akiwa Ngara, hushawishika kufunga springi ngumu zaidi. Hilo huzidisha tatizo. Springi ngumu huipa pistoni mwendo mkali zaidi dhidi ya hewa ileile nyepesi. Sili hupasuka mapema, skrubu za kitako hulegea, na shabaha hupotea. Nyanda za juu huhitaji springi ya kawaida ya mtengenezaji au laini kidogo, pamoja na risasi isiyo nyepesi mno. Risasi nyepesi sana huondoka kabla mto wa hewa haujajengeka.

## Mafundi wa kienyeji na chuma cha springi

Mkoa wa Kagera una historia ndefu ya ufuaji chuma. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba watu walioishi magharibi ya Ziwa Viktoria walizalisha feleji katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika Uzinza, eneo linalojumuisha Biharamulo, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma.

Kwa hiyo swali kwamba mhunzi anaweza kutengeneza springi ya bunduki ya upepo ni la haki. Jibu ni kwamba ustadi upo, ila malighafi na namna ya kuipasha moto ni tofauti. Jembe linahitaji ukali na uimara. Springi inahitaji kurudi katika umbo lake mara maelfu. Springi nyingi hutengenezwa kwa waya ya piano, yaani feleji yenye kaboni ya asilimia 0.7 hadi 1, ambayo hupata nguvu yake kwa kuvutwa ikiwa baridi kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo. Waya hiyo ikipashwa hadi ikawa nyekundu, nguvu yote hiyo huondoka. Springi ya kiti cha gari au ya godoro iliyonyooshwa kwa moto na kuzungushwa upya huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hulala baada ya kukokiwa mara chache.

Kazi ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifanya vizuri kabisa ni kuchonga fimbo ya kuongoza springi, washa za kurekebisha mbano wa awali, na kibanio cha kufungia springi. Vitu hivyo mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko springi yenyewe.

## Kufunga springi

Springi ya mfano uliotajwa hapo juu hukaa ndani ya bunduki ikisukuma kwa newtoni 275 hata bunduki ikiwa haijakokiwa. Huo ni sawa na uzito wa debe la maji la lita 20 na nusu yake tena. Mtu hawezi kuizuia salama kwa kiganja wala kwa goti. Springi ikiponyoka hurusha plagi ya nyuma ya silinda kwa nguvu ya kuvunja mfupa au kutoboa jicho.

Kibanio hutengenezwa kwa ubao mgumu mrefu kuliko silinda, wenye kizuizi upande mmoja na skrubu ndefu upande wa pili. Hatua za kazi ni hizi:

1. Hakikisha hakuna risasi kwenye mtutu na bunduki haijakokiwa. Vaa miwani ya kazi.
2. Toa kitako kwa kufungua skrubu zake.
3. Weka silinda kwenye kibanio na kaza skrubu ndefu hadi iguse plagi ya nyuma na kuisukuma kidogo.
4. Toa pini au fungua uzi wa plagi, huku kibanio kikishikilia.
5. Legeza kibanio polepole hadi springi iishe nguvu. Wengine wasisimame nyuma ya bunduki.
6. Toa springi, fimbo yake na pistoni. Futa grisi ya zamani na kagua silinda kama ina michubuko.
7. Sugua ncha za springi mpya kwa tupa laini na msasa hadi ziwe nyororo.
8. Paka springi na upande wa nje wa pistoni grisi kidogo yenye molibdeni.
9. Rudisha kila kitu kwa mpangilio uleule, ukikaza kibanio polepole hadi pini ipite bila kugongwa kwa nguvu.

Oili au grisi isiwekwe mbele ya pistoni. Hewa ikibanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyopo huwaka kama katika injini ya dizeli. Mlipuko huo huchoma sili na kuvunja springi mpya.

Bunduki zinazokokiwa kwa kukunja mtutu zisivutwe triga mtutu ukiwa bado umekunjwa. Zile zenye silinda inayoteleza zina hatari nyingine: silinda ikiachiliwa na ndoano wakati kidole kipo kwenye tundu la risasi, kidole hukatwa. Mkono mmoja hushikilia mkono wa kukokia hadi risasi iwe imewekwa.

## Kupima matokeo

Bunduki isipigwe bila risasi, hata kwa majaribio, kwa kuwa bila risasi hakuna mto wa hewa wa kuipokea pistoni.

Asiye na kifaa cha kielektroniki cha kupima kasi anaweza kutumia pendulamu, njia iliyoelezwa na Mwingereza Benjamin Robins mwaka 1742. Kipande cha ubao laini au udongo mzito chenye gramu 500 huning'inizwa kwa kamba za mita 1, na risasi hupigwa ndani yake. Risasi ya gramu 0.5 yenye kasi ya mita 230 kwa sekunde hukisukuma kipande hicho nyuma takriban sentimita 7.3. Umbali huo huenda kwa uwiano na kasi: kikirudi sentimita 6.6 tu, kasi imepungua kwa karibu moja ya kumi. Kipimo hufanywa kabla na baada ya kubadilisha springi, kwa risasi za aina ileile. Nyuma ya kipande huwekwa kizuizi cha mchanga, na watoto huwekwa mbali.

Springi nzuri hujulikana kwa risasi kumi zinazolingana kuliko kwa risasi moja yenye kasi.

## Utunzaji

Kagera hupata mvua za vuli na za masika, na unyevu wa miezi hiyo huleta kutu. Alama ndogo ya kutu kwenye waya ndipo springi huanza kukatika. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kwenye grisi na kuifanya kama msasa. Silinda hufutwa nje kwa kitambaa chenye oili kidogo kila baada ya matumizi. Bunduki isiachwe imekokiwa kwa saa nyingi, wala kuhifadhiwa ikiwa imekokiwa.

## Sheria na usalama wa jamii

Umiliki wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hushughulikiwa kupitia Jeshi la Polisi. Anayetaka kununua, kurithi au kupeleka bunduki ya upepo kwa fundi anashauriwa kuuliza kwanza kituo cha polisi cha wilaya na kubeba nyaraka zake. Uwindaji wa wanyama na ndege wa porini unatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na huhitaji kibali. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Katika wilaya hizi jambo hili lina uzito wake. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Miaka iliyofuata ilikuwa na hofu ya silaha ndogo zilizozagaa katika eneo la Maziwa Makuu, na mwaka 2004 nchi za eneo hilo zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha hizo. Anayebeba bunduki ya upepo barabarani huonekana kwa mbali kama anayebeba bunduki ya kivita. Huibeba ikiwa ndani ya mfuko, haijakokiwa, na bila risasi.

Risasi za bunduki ya upepo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Hazishikwi kwa mdomo, na mikono hunawiwa baada ya kuzishika.

## Tazama pia

* Bunduki
* Kanuni ya Hooke
* Feleji
* Wilaya ya Ngara
* Wilaya ya Biharamulo